Makhamali ya Ngazi ya Chini

Bhagirathi Karki hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Ukipita ukingoni mwa bustani yake ukanyoosha mkono kugusa ua, hata kugusa tu, aliibuka kutoka kwenye majani kana kwamba amekuvizia tangu jana, shuka imefungwa kiunoni, mundu mkononi. "Kwenu hakuna udongo? Basi kapande!" Na ukithubutu kumjibu umekwisha, maana mwanamke yule alikuwa na mdomo. Angeanza na wewe, amalizie na babu yako na ng'ombe wa babu yako aliyekufa kwa njaa. Watu wa kilimani kwetu, hapa juu ya mji wa Bhaktapur, walimwogopa kidogo na kumcheka sana, lakini kila mwaka ikikaribia Tihar, sikukuu ya taa, walijipanga mlangoni kwake wapole kabisa. Hakuna aliyeweza kuotesha makhamali kama yeye.

Makhamali ni ua dogo la mviringo, la zambarau, ukilishika ni mahameli yenyewe. Sifa yake ni kwamba halinyauki. Unalichuma, unalitunga kwenye uzi, unalitundika, na mwaka wa pili unalikuta na rangi yake. Ndiyo maana siku ya mwisho ya Tihar kila dada anamvika kaka yake koja la makhamali. Anamketisha kwenye jamvi, anamzungukia akimwaga mafuta ya haradali sakafuni hadi duara lifunge, ili Yama mtoa roho asipate pa kupita, kisha anampaka tika, rangi saba kwenye paji la uso. Na kaka aliyeketi ndani ya duara lile hatakiwi kumkatalia dada yake kitu. Koja analitundika juu ya mlango wa nyumba yake, limlinde mpaka Tihar nyingine. Usidhani ni mchezo. Mwanamume wa huku anaweza kuwa mlevi, tapeli, kagombana na kila mtu, lakini siku hiyo atavuka milima kumtafuta dada yake. Na mwanamke asiye na kaka anajifungia ndani asisikie vicheko vya majirani.

Bhagirathi alikuwa naye, tena mmoja tu: Dambar, mdogo wake. Mama yao alifariki Dambar akiwa bado ananyonya, na baba yao alikuwa mtu wa jembe, hajui mtoto anashikwaje. Basi Bhagirathi, naye mwenyewe bado mtoto, ndiye aliyembeba mgongoni kutwa nzima, akimtafunia wali na kumtia mdomoni. Alikata naye majani ya mifugo, akachota naye maji, akacheza na wenzake huku kichwa cha Dambar kinamgongagonga kisogoni. Shule hakwenda. Aliyekwenda shule ni Dambar, na dada mtu akawa anamsubiri nje ya ukuta na chakula kwenye kitambaa.

Akaolewa Panauti, kwa muuza nguo. Mtoto hakupata. Kosa lilikuwa la nani sijui, na yule bwana naye hakujua, ila kwetu jambo hilo halina uchunguzi, ni mwanamke tu. Akaletewa mke mwenza. Alivumilia, akawapikia wote, mpaka siku moja yule mke mdogo, kajinyoosha kwenye mkeka na tumbo lake, akamwambia, "We mama, niletee maji ninawe miguu." Bhagirathi akaleta maji. Akammwagia yote mwilini, akaweka ndoo chini taratibu, akashika njia kurudi kwao kwa miguu.

Baba yake hakuuliza kitu. Kesho yake alimchukua yeye na Dambar, Dambar akiwa tayari kijana mwenye ndevu mbili tatu, akawateremsha mpaka mwisho wa shamba. Shamba la huku ni la ngazi, ngazi juu ya ngazi mpaka chini bondeni, na ile ya chini kabisa ndiyo mbaya kuliko zote: mawe matupu, jua linachelewa kufika, mvua ikinyesha maji ya ngazi zote yanaishia hapo. "Hii ni ya dada yako," mzee akasema. "Nimempa. Umesikia?" Dambar akasema amesikia. Hapakuwa na karatasi. Nani angeandikiana na mwanawe?

Sasa mwanamke yule aliifanyia kazi ngazi ile utafikiri imemkosea. Alitoa mawe akajengea ukuta. Alichimba mfereji kando ya ukuta wote, maana makhamali hayataki miguu yake ikae majini, yakilowa siku mbili mizizi inaoza. Alibeba samadi kwa kikapu cha kamba ya kichwani mpaka nywele zikanyonyoka utosini. Akajenga chumba cha udongo na bati pembeni, akahamia huko. Ukutani akapandisha bougainvillea, kando ya mlango akaweka sayapatri, yale maua ya njano manene ya kupambia milango, lakini katikati, kwenye matuta yenyewe, ilikuwa makhamali tupu.

Mbegu ya makhamali imejificha ndani ya pamba, ukiirusha hivi hivi inaelea juu ya udongo haioti. Yeye aliisugua kwa majivu na mchanga viganjani, akaisia kitaluni kabla ya joto kali. Mvua zikianza alihamisha miche mmoja mmoja, kaupinda mgongo, gunia la plastiki kichwani. Na mche ukitoa ua lake la kwanza, alilikata. Watu walimwambia ana wazimu, unasubiri ua miezi, likija unalikata! "Ukiliacha hilo moja linajiona bosi," alikuwa akisema, "na mengine hayaji." Na kweli, mche wake mmoja ulijaa matawi ukawa kichaka. Mwezi wa Kartik, ule wa Tihar, ukishuka kutoka barabarani asubuhi, ukungu ukifunuka, ngazi yote ile ilikuwa zambarau, na juu yake milima ya theluji, na katikati kibibi kinatukana mbuzi wa watu. Ilikuwa inapendeza, nisiseme uongo.

Maisha yake yalikuwa ndiyo hayo. Baba akafa. Dambar akapata kazi ya ofisi mjini, akamwoa Sarmila, akajenga nyumba ya matofali ngazi za juu, akapata mtoto wa kiume. Kila Tihar alishuka kwa dada yake, akaketi ndani ya duara, akavikwa koja ambalo hakuna mwanamume kijiji kizima aliyevaa mfano wake. Bhagirathi aliwekea kando maua makubwa kuliko yote, hayauzwi hata angekuja waziri. "Hayo ya Dambar." Ndani ya duara alimwomba vitu vya kitoto: bangili, birika, siku nyingine shuka. Dambar alicheka, akampa.

Halafu ardhi ikapanda bei. Madalali wakaanza kupita na miwani yao ya jua, wakiuliza hii ya nani, na ile ya nani. Wakati huo huo sheria ikasema binti naye ana haki kwenye mali ya baba yake, sawa na kaka. Sheria nzuri, nani atabisha? Lakini ikaleta jambo lake. Kila kaka mwenye shamba akakumbuka ghafla kwamba ana dada, akaenda kumbembeleza aikane haki yake mbele ya ofisa. Na dada aliyegoma, akachukua chake, kaka zake hawakuja tena siku ya tika. Hakuna aliyewatuma, hakuna aliyekaa kikao. Ilikuwa inajulikana tu: umechukua shamba, umeuza kaka.

Yalimpata Sanukanchi, jirani na rafiki wa Bhagirathi, mjane wa kabila la Kitamang mwenye sauti ya kuvunja vyungu. Alikwenda mahakamani, akapata kipande chake, akajenga kibanda na zizi. Kaka zake watatu wakamsahau kana kwamba alizaliwa na jiwe. Tihar ya kwanza aliketi mlangoni tangu asubuhi, mikate ya unga wa mchele imepoa, mafuta yamo chomboni, mpaka jua likazama. Tangu hapo alifanya mzaha. "Mwaka huu nimemvika mbwa," alisema. "Huyu angalau anatikisa mkia." Watu walicheka. Bhagirathi hakucheka. Alikuwa amemwona siku ile mlangoni.

Kwa hiyo Dambar aliposhuka na mfuko wa machungwa, akaketi kwenye kigoda na kuanza kusifia maua, Bhagirathi alijua.

"Dada, sheria za siku hizi zinavuruga watu tu," Dambar akaanza. "Ofisi ya ardhi wanasema sharti dada atamke kwa mdomo wake kwamba hana dai. Ni mambo ya utaratibu. Nyumba yangu haiandikiki vizuri bila hivyo."

"Nyumba yako ina uhusiano gani na mdomo wangu?"

"Ndivyo walivyoweka. Unanijua mimi, dada. Mimi na wewe tuna cha kugawana?"

Bhagirathi aliendelea kuchambua miche. "Na ngazi yangu?"

"Ngazi yako nani ataigusa! Si niko hai?"

"Sema tena."

"Niko hai, dada. Hakuna atakayeigusa."

Sanukanchi aliposikia alikuja mbio, akasimama katikati ya matuta. "Bhagi, usiende! Chukua chako kwanza, halafu umpe mapenzi yako. Huyu anakuchezea."

"Huyu nimemlea mimi mgongoni."

"Na mimi wale watatu si niliwalea mwenyewe? Mwanamume akishaona shamba hana mgongo, hana tumbo!"

"Wewe unataka tuwe wawili wa kuvika mbwa," Bhagirathi akamwambia. Lilikuwa neno baya, na alilijua. Sanukanchi aligeuka akaondoka.

Bhagirathi akaenda ofisi ya ardhi. Ofisa, kijana mstaarabu, akamuuliza, "Mama, una haki hapa. Unaiacha kwa hiari yako?" Akasema anamwachia mdogo wake. Kijana akarudia swali, maana sheria inamtaka arudie. "Umeziba masikio?" Bhagirathi akamfokea. "Nimesema namwachia!" Akabonyeza kidole kwenye wino. Nje Dambar alimnunulia chai na kitumbua, akambebea mwavuli njia nzima. Mimi nikifikia hapa huwa napandwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani. Mwanamke aliyemwagia mke mwenzake ndoo ya maji, anayefukuza madalali kwa mundu, alikwenda mwenyewe kwa miguu yake akatoa shingo. Na si kwa ujinga. Alijua hesabu yake vizuri: shamba upande huu, kaka upande ule. Alichagua kaka.

Mvua zikaja. Alikuwa amemaliza nusu ya matuta, miche mingine bado imo kwenye kikapu na udongo wake, waliposhuka wanaume wawili na kamba na vigingi. Mmoja akapiga kigingi katikati ya tuta, juu ya mche.

"We! We mwana wa nani wewe! Ondoa mti wako hapo!"

"Mama, tunapima tu."

"Mnapima kaburi la nani? Hapa pangu!"

Yule mtu aliangalia chini. "Pameuzwa, mama. Mteremko wote, mpaka mtoni."

Bhagirathi alipanda ngazi zote zile na mvua yake, na tope lake, akaingia sebuleni kwa Sarmila bila kuvua viatu. Dambar alikuwa kwenye kochi. Wifi yake Sarmila alikuwa anakunja nguo.

"Dambar. Chini kule kuna watu wanasema uongo."

Dambar alisugua magoti yake. "Dada, kaa kwanza. Sarmila, lete chai."

"Sitaki chai. Sema wanasema uongo."

"Mnunuzi anataka kipande chote kwa pamoja. Nilimwambia abakize ile ya chini, akasema bila ile hana njia ya kupitisha barabara. Ningefanyaje?"

"Uliniambia uko hai!"

"Niko hai ndiyo, lakini…"

"Lakini nini? Umekufa lini? Mbona sikuitwa mazishini?"

"Wifi, taratibu, majirani wanasikia," Sarmila akasema.

"Wasikie! Wewe unaona aibu ya majirani? Kaa na aibu yako, mimi nimekalia udongo ule kabla hujajua kusuka nywele!"

Dambar alianza kulia. Ndiyo, mwanamume mzima, na mvi zake. Alisema maisha ni magumu, mtoto yuko ng'ambo, madeni ya masomo yake, dada haelewi. Alisema amemwomba mnunuzi asiguse ngazi ya chini mpaka Tihar ipite, dada avune maua yake yote, na baada ya sikukuu watajua la kufanya, hatamwacha barabarani. Na Bhagirathi, aliyekuja na matusi ya kutosha mwezi mzima, akaona kile kichwa kimeinama, akaona kisogo, akashindwa. Aligeuka, akashuka na mvua yake.

Kesho yake alimaliza kuhamisha miche iliyobaki. Sanukanchi alikuja, wakawa wamepatana bila kusema wamepatana, akaketi ukutani akimtazama anavyopalilia.

"Unapalilia shamba la watu, mwenzangu."

"Miche haijui imeuzwa."

"Lakini wewe unajua. Unawanenepeshea udongo wamwage zege."

"Nyamaza, nipe hicho kikapu."

Basi aliyatunza makhamali yale kuliko mwaka wowote. Alizibua mfereji kila mvua ilipopiga, akakata maua ya kwanza, akakaa akiyasemesha na kuyagombeza. Yakaja mengi ajabu. Wateja walipokuja kununua walisema mama, mwaka huu umevuka mipaka, akawajibu walipe waende zao. Vigingi vilikuwa bado vimesimama katikati ya matuta. Alivizungukia tu.

Siku ile ya kutunga koja la Dambar, Sanukanchi alikuwa anamsaidia kuchambua. Ndipo akamwekea maneno.

"Bhagi, nisikilize. Kesho atakaa kwenye jamvi. Wewe zunguka na mafuta, zunguka, ukifika mwisho, kabla hujalifunga duara, simama. Muombe ngazi yako hapo hapo. Humo ndani hawezi kukataa, ni mwiko."

"Imeshauzwa."

"Aikomboe! Auze nyumba yake, auze na meno ya dhahabu ya mke wake. Na akikataa, liache wazi. Usilifunge. Yama ajipitie kwa raha zake."

Bhagirathi alichoma sindano kwenye ua, akavuta uzi. "Mungu akulaani kwa maneno hayo," akasema. Lakini hakusema hatafanya. Na mimi nakwambia, usiku ule alikuwa ameamua. Alilala na hasira yake kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu aende ile ofisi, alilala usingizi mzuri.

Asubuhi Dambar alishuka peke yake, kavaa suti na kofia mpya. Sarmila alikuwa amekwenda kwa kaka zake, kama ilivyo desturi. Bhagirathi alikuwa amepaka kibaraza udongo na samadi, kikalainika, akatandika jamvi, akapanga mikate, na kokwa ya jozi ya kupasuliwa mlangoni iwe kinga, na rangi saba kwenye jani. Koja lilikuwa kwenye sinia, nene, zito. Dambar aliketi. Dada akalichukua birika, akaanza kuzunguka, mafuta yakichuruzika taratibu nyuma yake. Akazunguka mgongoni, akazunguka ubavuni, akafika mbele pale alipoanzia. Ilibaki nafasi ya kiganja cha mkono.

Akasimama.

Dambar alingoja. Kisha akainua macho, akaona birika limesimama hewani, akaona nafasi. Alielewa. Mwanamume wa huku hahitaji kuelezwa jambo hilo. Rangi ilimtoka usoni. "Dada. Funga."

"Nataka ngazi yangu."

"Dada, tafadhali. Funga kwanza."

"Umo ndani ya duara. Nataka ngazi yangu. Nenda kwa mtu wako, mrudishie chake, uniletee changu."

"Siwezi."

"Usiniambie huwezi! Humo ndani hakuna siwezi!"

"Hakuna cha kumrudishia!" Dambar naye akapaza sauti, kisha akaishusha. "Kila kitu kimekwenda, dada. Nyumba nayo nimeuza. Mtoto amepata makaratasi kule Australia, ametuita mimi na mama yake, tunakwenda kukaa naye. Viza zimetoka. Tunaondoka wiki hii. Nilitaka kukwambia baada ya tika."

Bhagirathi hakuelewa mara moja. Alirudia neno lile, kukaa.

"Mtarudi lini?"

Dambar alikuwa anaitazama ile nafasi ya kiganja, jasho linamtoka chini ya kofia, mikono imeshika magoti, na mdomo umeanza kumtetemeka hivi upande mmoja, vile vile alivyokuwa anatetemeka akiwa mtoto na homa, mgongoni. Ameuza shamba, ameuza nyumba, amemuuza dada yake, na bado anamwogopa Yama! Bhagirathi alimchukia. Alimchukia sana, mpaka masikio yakavuma. Alifikiria kuweka birika chini na kuingia ndani. Alifikiria ndege, itapita juu ya mawingu na huyu mjinga ndani yake, na duara liko wazi.

Akamwaga mafuta. Duara likafunga.

Alifanya na yale mengine yote, rangi saba, jozi akaipasua mlangoni kwa pigo moja la jiwe, koja akamvika. Sala aliisema haraka haraka. Dambar alikuwa analia tena, akamgusa miguu kwa paji lake la rangi, akampa shali la sufu kwenye mfuko wa dukani. Akala mkate mmoja. Alisema amezungumza na Sanukanchi, atampa dada chumba cha juu ya zizi, naye Dambar atakuwa anamtumia kitu kila mwezi. Aliposimama kuondoka, alilivua lile koja, taratibu, kwa mikono miwili, akatazama huku na huku, akalitundika kwenye msumari wa mlango wa Bhagirathi.

"Unafanya nini? Hilo ni la mlangoni kwako."

"Mlango sina tena huku, dada. Na kule uwanja wa ndege wanakagua mizigo. Maua hawaruhusu kabisa, hasa haya yenye mbegu. Wakilikuta ni kesi." Akajaribu kutabasamu. "Litanilinda nikiwa hapa kwako. Si ni lile lile?"

Bhagirathi alimtazama akipanda ngazi, ya kwanza, ya pili, akishika magoti. Alipotoweka, alilichomoa koja kwenye msumari, akavuka kwenda kwa Sanukanchi.

Sanukanchi alikuwa uani anafagia. Alimwona uso, akaacha kufagia. Kwenye nguzo ya zizi palikuwa na mbuzi jike amefungwa, mwenye kwato ndefu. Bhagirathi alikwenda moja kwa moja akamtupia koja miguuni. Mbuzi alinusa, akaling'ata pembeni, akaanza kutafuna.

"Mama wee!" Sanukanchi akashika mdomo. "Bhagi! La mtu aliye hai?"

"Mwache ale. Anakwenda Australia. Anakwenda kukaa. Maua hawayaruhusu."

Sanukanchi aliegemeza ufagio ukutani. Akasema, "Basi ale. Ale ashibe. Afadhali limpe maziwa mtu." Wakasimama wawili wanamtazama mbuzi. Alikuwa anakula kwa raha, zambarau imemtapakaa midomoni, uzi unaning'inia.

Ndege ikapita. Zinapita kila siku, nyingine zinashuka uwanjani, nyingine zinapanda, hakuna mtu kilimani kwetu anayeinua kichwa. Bhagirathi aliinua. Aliitazama mpaka ikaingia mawinguni. Kisha akaruka kama aliyechomwa, akampiga mbuzi kofi la uso, akashika uzi na kuvuta. Mbuzi akavuta kwake. "Tema! Tema, mwana haramu we, tema!" Alimkaba taya, akamwingiza vidole mdomoni, uzi ukakatika, maua yakatawanyika kwenye mavi na nyasi.

"Sasa unafanya nini?" Sanukanchi akasema. "Si umesema ale? Mtu amekuuzia mpaka nyayo zako!"

"Lete sindano."

"Bhagi."

"Sindano na uzi! Hujasikia? Lete!"

Sanukanchi aliingia ndani akavileta, akanung'unika njia nzima. Bhagirathi aliketi chini pale pale uani, akayakusanya maua kwenye shali lile jipya la sufu, akayafuta mate moja moja, yaliyotafunwa akayaweka kando. Akaanza kulitunga koja upya, na kila ua alilochoma alimtukania Dambar.